Nani Bingwa wa Katuni? Tuchague kwa Mizani Yetu



Ndugu wasomaji, shule zinapofungwa vijana wetu wa Arua na Koboko huwa na mabishano yasiyokwisha: nani mkubwa zaidi katika katuni, Disney au Wajapani? Huko Ulaya na Marekani orodha za mabingwa zimeshaandikwa nyingi, na mara nyingi huhesabu tuzo na mapato. Tumeona ni vyema familia zetu nazo ziwe na mizani yao. Lakini huwezi kuchagua bingwa bila kujua historia, basi tuanze na historia.

Ufundi huu kwa Kiswahili huitwa uhuishaji, yaani kukipa uhai kitu kisicho na uhai. Siri yake ni subira. Katika sinema picha 24 hupita mbele ya macho kila sekunde, kwa hiyo dakika moja ni picha 1,440. Kila picha inatofautiana kidogo tu na iliyotangulia, na jicho linadhani kitu kinatembea.

Mkasi na karatasi nyeusi

Filamu ndefu ya katuni ya zamani kuliko zote zilizosalia duniani haikutengenezwa na Disney. Ilitengenezwa na mwanamke wa Kijerumani, Lotte Reiniger, aliyezaliwa Berlin mwaka 1899. Alikata watu, farasi na majini kwa mkasi kutoka kwenye karatasi nyeusi, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake, akawasogeza kidogo kidogo na kupiga picha moja baada ya nyingine. Kazi ilianza mwaka 1923 na filamu ikaonyeshwa mwaka 1926. Jina lake ni Die Abenteuer des Prinzen Achmed, yaani visa vya mwana wa mfalme Ahmed, na hadithi zake zimetoka katika Alfu Lela Ulela, kitabu ambacho Waswahili wamekisoma kwa lugha yao kwa miaka mingi.

Walt Disney alimtoa Mickey Mouse mwenye sauti mwaka 1928, na filamu yake ndefu ya kwanza, Snow White, ikatoka mwaka 1937. Ufundi wa studio yake hakuna anayeukataa. Lakini hebu tuitazame Alfu Lela Ulela ileile ilipofika mikononi mwa Disney. Filamu ya Aladdin ilitoka mwaka 1992, na wimbo wake wa mwanzo ulikuwa na maneno ya kuwadharau Waarabu na nchi zao. Waarabu wa Marekani walilalamika, na mwaka 1993 baadhi ya maneno yakabadilishwa. Tunajifunza kwamba mzazi akisema, tena kwa hoja, husikilizwa.

Mwaka 1994 ikatoka The Lion King. Sisi tunaosema Kiswahili tulicheka kabla ya wengine, maana Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na Pumbaa jina lake linajieleza lenyewe. Lakini kampuni hiyo iliomba haki ya kisheria ya kutumia maneno "Hakuna Matata" kama alama ya biashara kwenye nguo, na mwaka 2003 ikaipata huko Marekani. Mwaka 2018 watu wengi wa Afrika walitia saini kupinga jambo hilo. Lugha ni mali ya wanaoisema.

Paka na panya wa kibanda cha video

West Nile kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya umeme ya taifa. Kituo cha umeme wa maji cha Nyagak, chenye uwezo wa megawati 3.5, kilianza kazi mwaka 2012. Kwa hiyo watoto wengi wa kwetu walizijua katuni kwa jenereta, ndani ya kibanda cha video. Na humo kibandani wamekaa Mlugbara, Mkakwa, Mnubi na Mwalur, na Koboko, palipo karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, wamo na majirani. Filamu nyingi zilizotafsiriwa na wale tunaowaita VJ ni za Kiluganda, lugha ambayo si ya nyumbani kwetu.

Hapa ndipo William Hanna na Joseph Barbera wanapostahili sifa. Tom na Jerry, waliowaanzisha mwaka 1940, karibu hawasemi kitu. Paka anamkimbiza panya, na kila mtoto anaelewa bila mkalimani. Katuni zao zilipata tuzo saba za Oscar. Hata hivyo mzazi ajue kwamba zile za zamani, hadi mwaka 1952, zina mtumishi mweusi aliyechorwa kwa dhihaka ya Wamarekani weusi. Mtoto akikutana naye, aelezwe.

Mabingwa wa Afrika na wa Waislamu

Katika bara letu aliyetangulia kusini mwa Sahara ni Moustapha Alassane wa Niger, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2015. Mwaka 1966 alitoa Bon voyage Sim, katuni fupi ya rais wa nchi ya vyura anayesafiri nje. Akirudi, kiti hana. Niger ilikuwa imepata uhuru miaka sita tu nyuma, na yeye alishawachekesha wakubwa kwa vyura.

Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga (1932–1972) alichora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya mbao nyepesi. Hakutengeneza katuni hata moja, lakini mwaka 2010 mtindo wake ulitembea kwenye televisheni katika Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi katika studio ya Homeboyz. Mwaka 2013 ikaanzishwa Ubongo, Dar es Salaam, na mwaka 2014 Ubongo Kids ikaanza kufundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo, kwa Kiswahili, na watoto wakajibu maswali kwa simu ya kawaida ya mzazi.

Uganda nayo imo. Raymond Malinga na wenzake wa Creatures, Kampala, walitoa mwaka 2017 A Kalabanda Ate My Homework, yaani Kalabanda kala kazi yangu ya nyumbani. Kalabanda ni zimwi ambalo wanafunzi wa Uganda wanatishana nalo shuleni, hakuna haja ya kulieleza! Mwaka 2023 Malinga alikuwa mmoja wa waongozaji wa Kizazi Moto, filamu kumi fupi za Waafrika zilizotolewa na Disney yenyewe, na yake ilihusu wachunga ng'ombe wa zama zijazo.

Katika nchi za Waislamu, Malaysia ilitoa Upin na Ipin katika Ramadhani ya mwaka 2007, mayatima mapacha wanaojifunza kufunga wakilelewa na bibi na dada yao. Na mwaka 2002 Richard Rich, aliyewahi kuongoza filamu Disney, alitoa filamu ya sira ya Mtume (s.a.w.) ambamo Mtume mwenyewe haonekani wala sauti yake haisikiki. Adabu ilihifadhiwa na kisa kikaeleweka.

Uchaguzi wetu

Mizani yetu ni hii: je, mtengenezaji amemheshimu anayemchora, na je, mtoto anayetazama anaelewa na kutoka na kitu? Kwa mizani hiyo, kwa mtu mmoja tunamchagua Lotte Reiniger, aliyezichukua hadithi za Mashariki na kuzitumikia miaka mitatu kwa mkasi. Kwa studio tunaichagua Ubongo, kwa sababu ilianza na swali la mtoto wa Afrika Mashariki anahitaji nini, na ikamjibu kwa lugha anayoisikia sokoni. Anayempenda Disney zaidi asikasirike, alete hoja zake mezani.

Nanyi wanafunzi, zingatieni jambo moja. Reiniger alikuwa na mkasi, karatasi, kioo na taa. Leo katika nyumba nyingi za Arua na Koboko ipo simu yenye kamera. Picha 12 kwa sekunde zinatosha kuanzia, na sekunde kumi ni picha 120, kazi ya mchana mmoja wa likizo. Waombeni bibi na babu hadithi za sungura za Kilugbara, Kikakwa na Kinubi kabla hazijasahaulika, mzikate kwa mkasi. Orodha ya mabingwa haijafungwa, na jina kutoka West Nile linaweza kuingia humo, insha Allah.