Unyafuzi, Kwashakoo, Chirwa: Ugonjwa Mmoja, Majina Matatu

Mashavu yamejaa, tumbo limetuna, miguu imenona. Jirani akimwona mtoto huyo mgongoni kwa mamake atasema ana afya. Daktari humlaza kitandani, akabonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa dole gumba kwa sekunde tatu, kisha akaachia. Nyama ikirudi mahali pake, basi ni unono. Pakibaki kishimo, kilichojaa miguuni ni maji, na mtoto anayesifiwa kwa unene anaweza kufa ndani ya siku chache kwa ugonjwa wa lishe.

Ugonjwa huo vitabu vya Kiswahili huuita kwashakoo, na kamusi huuita pia unyafuzi. Pwani ya Kenya bibi atakwambia ni chirwa. Kivu, mashariki ya Kongo, watu husema bwaki, na Waganda wana neno lao, obwosi. Haya ni zaidi ya matamshi tofauti ya jambo moja, kwa sababu kila jina linamwelekeza mzazi mahali pa kumtafuta mkosaji, na mzazi akishaelekezwa huko, ndiko atakakoanzia kutafuta tiba.

Neno la kitaalamu lenyewe ni la Kiafrika. Mwaka 1929 Dkt. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyesomea udaktari Oxford, alipelekwa kufanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mjini Accra alikutana na watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne waliovimba miguu, ngozi zao zikibanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, wenye hasira na wasiotaka kula. Wengi walikuwa wameachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi karibu peke yake. Alipopasua maiti za waliokufa alikuta maini yamejaa mafuta. Mwaka 1933 alichapisha maelezo yake ya kwanza, naye mwenyewe hakuupa ugonjwa huo jina la Kilatini wala la Kigiriki. Mwaka 1935, katika jarida la Lancet, aliutaja kwa jina walilokuwa wakilitumia wanawake wa kabila la Ga, wenyeji wa Accra: kwashiorkor. Kwa tafsiri aliyoitoa, ni ugonjwa anaoupata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa, yeye akatolewa kwenye ziwa.

Wakubwa wa taaluma hawakumkubali upesi. Hugh Stannus, bingwa wa magonjwa ya lishe wa wakati huo, alishikilia kwamba hiyo ni pelagra tu, maradhi yaliyokwisha kujulikana kwa watu wanaokula mahindi. Williams alikuwa ameona tofauti ya vidonda, ya umri na ya mwisho wa wagonjwa wake. Zaidi ya hapo, alikuwa amewasikiliza mama zao. Aliamini maisha yake yote kwamba daktari wa watoto asiyejua kinachopikwa nyumbani na aliyezaliwa karibuni hajamaliza kumpima mgonjwa wake.

Jina la Kiga lina saa ndani yake: linasema lini. Ukimuuliza mama mtoto alianza kuvimba wakati gani, mara nyingi jibu litaangukia miezi ile baada ya kuacha ziwa, pengine kwa sababu ya mimba nyingine. Wazee wa Pwani waliona jambo hilohilo, ila wakalisomea mahali pengine. Kwa Wadigo na jamaa zao wa Mijikenda, chirwa humpata mtoto kwa sababu wazazi wamevunja miiko ya ndoa, hasa mmoja wao akitoka nje wakati mtoto bado mchanga. Mwanaanthropolojia Luther Gerlach, aliyefanya utafiti Udigoni, aliieleza imani hiyo kwa kirefu mwaka 1964. Dar es Salaam na sehemu nyingi za Tanzania neno ni kubemenda: wazazi wamerudiana mapema, au mama amebeba mimba huku ananyonyesha, basi mtoto kabemendwa.

Miiko hiyo haikuzuka hewani. Ilimlinda mtoto kwa kuwatenganisha wazazi mpaka apate nguvu za kula kama wenzake, na kwa kweli mimba zinazofuatana upesi humnyima aliyetangulia ziwa, muda wa mama na pengine chakula. Ubaya uko kwenye hukumu. Mama aliyeambiwa mwanawe ana chirwa ameambiwa mbele ya ukoo kwamba ama yeye ama mumewe ni mzinzi. Ataanza kwa kumficha mtoto, ataendelea kwa mganga, na akifika hospitalini huenda maji yamepanda kutoka miguuni hadi usoni.

Hapo ndipo istilahi inapoingia kazini. Kiswahili kilipolipokea neno la Accra kililiosha kwa maji yake. Sauti za r zikadondoshwa, irabu ikafunga mwisho, mkazo ukatua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwashakoo ikaingia kwenye ngeli moja na homa na surua: kwashakoo imempata. Unyafuzi ni umbo la Kibantu, la ngeli ya U, kama utapiamlo, udumavu na ukondefu: unyafuzi umempata. Kwashakoo inafahamika zaidi, lakini imeshukia uwanjani, ambako watoto humtania nayo mwenzao mwenye kitambi au miguu myembamba. Unyafuzi haujafanywa tusi, na unakaa vizuri pamoja na nyongea, jina la kule kukonda kwa mtoto mpaka akabaki ngozi na mifupa.

Unyafuzi una kasoro moja, nayo haimo katika neno lenyewe. Imo katika maelezo yanayoandikwa mbele yake. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimekariri kwamba ni ugonjwa unaotokana na ukosefu wa protini. Maelezo hayo yana historia. Mwaka 1952 J. F. Brock na Marcel Autret walitoa ripoti yao kuhusu kwashakoo barani Afrika kwa niaba ya mashirika ya afya na chakula ya Umoja wa Mataifa, na protini ikakaa kwenye kiti cha mbele. Miaka miwili baadaye Hugh Trowell na wenzake wawili, waliofanya kazi Kampala, walichapisha kitabu kizima juu ya ugonjwa huo. Katika nchi ambayo mtoto hushibishwa matoke, ndizi zenye protini kidogo, nadharia hiyo ilikubalika kwa urahisi.

Nyufa zilianza kuonekana mapema. Mwaka 1968 C. Gopalan wa India alionyesha kwamba watoto waliopata unyafuzi na wale waliopata nyongea walikuwa wakila chakula cha namna moja. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika Lancet kwamba dunia ilikuwa imepotezwa na protini, fedha na nguvu zikaelekezwa pasipostahili. Huko Jamaika, Michael Golden aliona uvimbe ukiisha kwa watoto waliokuwa bado wanapewa protini kidogo sana, hata kabla albumini, ambayo ni protini, haijapanda kwenye damu yao.

Matibabu ya leo yanasema hivyohivyo kwa vitendo. Mtoto mwenye unyafuzi mkali akilazwa, siku za kwanza hapewi nyama wala mayai. Hupewa F-75, maziwa mepesi yenye protini ndogo, kwa vipimo vidogo usiku na mchana, pamoja na dawa za kuua bakteria, kwa sababu ini na moyo wake haviwezi kubeba mzigo wa chakula kizito. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua ndipo huhamishiwa kwenye maziwa mazito zaidi au chakula dawa, ile paketi ya karanga, unga wa maziwa, mafuta, sukari, vitamini na madini iliyobuniwa na daktari André Briend na Michel Lescanne wa Ufaransa mwaka 1996. Mwuguzi aliyefundishwa kwamba unyafuzi ni njaa ya protini, akaharakisha kumpa mgonjwa protini, anaweza kumuua kwa nia njema.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umetoka Malawi. Mwaka 2013 watafiti, Michelle Smith, Mark Manary na Jeffrey Gordon miongoni mwao, walitoa matokeo ya kufuatilia jozi 317 za mapacha hadi umri wa miaka mitatu. Katika asilimia 43 ya jozi hizo pacha mmoja alipata utapiamlo mkali na mwenzake hakuupata, ingawa nyumba ni moja, sufuria moja na mama mmoja. Bakteria wa utumbo wa watoto wenye unyafuzi walipopandikizwa kwa panya waliolishwa chakula cha Kimalawi, panya hao walipungua uzito kupita wale waliopandikizwa bakteria wa mapacha wazima.

Mwaka huohuo, pia Malawi, jaribio la watoto 2,767 wenye utapiamlo mkali waliotibiwa nyumbani lilionyesha kwamba waliopewa amoksilini, dawa ya kuua bakteria, pamoja na chakula dawa walikufa asilimia 4.8, na waliopewa kidonge kisicho na dawa asilimia 7.4. Lakini Niger, mwaka 2016, amoksilini haikuongeza idadi ya waliopona. Na katika hospitali nne za Kenya, zikiwemo za Kilifi, Malindi na Mombasa, Dkt. James Berkley na wenzake waliwapa watoto 1,778 waliokwisha kutulia ama kotrimoksazoli, dawa nyingine ya kuua bakteria, kila siku ama kidonge kisicho na dawa, na vifo havikupungua. Vijidudu vimo katika kisa hiki, ila hakuna kidonge kimoja kitakachokimaliza.

Chanjo nayo imo. Surua ilijulikana zamani kama mlango wa unyafuzi. Dkt. David Morley, aliyefanya kazi Ilesha, Nigeria, aliona watoto wakitoka kwenye surua wamepungua uzito, wengine wakivimba wiki chache baadaye. Morley ndiye aliyesambaza kadi ya ukuaji, ile ambayo mama hukaa nayo, yenye mstari wa uzito wa mtoto na orodha ya chanjo zake kwenye karatasi moja. Hilo lilikuwa pia wazo la Williams: kinga na tiba visitengwe. Sindano ya surua anayochomwa mtoto wa Kenya au Tanzania akiwa na miezi tisa, kisha kumi na minane, inalinda lishe yake sawa na bakuli la uji wa karanga.

Watakaosema maneno ni mapambo tu watazame Lwiro, Kivu Kusini. Watafiti wa huko, Pacifique Mwene-Batu miongoni mwao, waliwatafuta watu waliolazwa kwa utapiamlo mkali wakiwa watoto kati ya 1988 na 2007. Walipokuwa watu wazima walikuwa wafupi kidogo kuliko wenzao, na hawakufika mbali nao shuleni. Kila wiki ambayo mama hupoteza akijificha kwa sababu ya jina inaingia kwenye hesabu hiyo.

Kamusi ijayo, basi, ingeweza kuandika hivi: unyafuzi ni ugonjwa wa lishe wa watoto wadogo, unaotambulika kwa uvimbe unaobonyea katika miguu yote miwili, ngozi kubanduka, nywele kubadilika rangi na kukosa hamu ya kula, huwapata zaidi walioachishwa ziwa wakapewa chakula cha aina moja na waliodhoofishwa na maradhi, hutibika hospitalini. Protini haijafukuzwa. Imewekwa katika nafasi yake, na hakuna aliyehukumiwa.

Kitandani maneno yatabaki mafupi. Mama akisema ni chirwa, mwuguzi wa Kilifi hana sababu ya kumcheka wala kumgombeza. Atamwonyesha kishimo mguuni mwa mwanawe na kumwambia kwamba haya ni maji, na yatatoka. Siku ya nne au ya tano mtoto atapandishwa kwenye mizani na uzito wake utakuwa umeshuka. Mashavu yatakuwa yamesinyaa, mbavu zimetokeza, na mama atadhani mwanawe anamponyoka. Huo ndio wakati wa mwuguzi kukaa naye na kumweleza tena, kwa upole: hajakonda leo, mama, alikuwa amekonda tangu zamani, maji ndiyo yaliyomficha.