Maoni yako kuhusu programu ya simu: kompyuta inayapangaje?

Mtumiaji wa programu ya kutuma pesa anaandika kwenye duka la programu: "Nimewapa nyota 5 ili muuone ujumbe huu. Tangu nisasishe, nikibonyeza Tuma inaganda."

Ukihesabu nyota tu, huyo ni mteja aliyeridhika. Ukisoma maneno, kuna hitilafu inayomzuia mtu kutuma pesa.

Maoni yakiwa mengi, timu ya watengenezaji haiwezi kuyasoma yote kwa wakati. Ndipo unapoingia uchakataji wa lugha asilia, tawi la akili mnemba linaloifundisha kompyuta kushughulika na lugha ya binadamu. Kompyuta huyapanga maoni kwenye makundi, kisha kila kundi likapelekwa kwa anayehusika.

Mahitaji ya aina mbili

Kitu ambacho watumiaji wanataka programu ifanye huitwa hitaji. Wataalamu huyagawa mahitaji katika aina kuu mbili.

• Mahitaji ya kazi: programu ifanye nini. Mfano: "Mteja aweze kuona salio."

• Mahitaji ya ubora: ifanye kwa namna gani. Mfano: "Salio lionekane ndani ya sekunde 2" au "Asiyeweka namba ya siri asilione."

Aina ya pili ndiyo hupotea kirahisi, kwa sababu sentensi zake hutawanyika ndani ya nyaraka ndefu. Hitaji la usalama likigundulika programu ikiwa tayari imejengwa, ni sawa na kukumbuka mabomba baada ya nyumba kupigwa plasta. Inabidi kubomoa.

Kompyuta inajifunzaje?

Kwanza watu husoma sentensi na kuzipa alama: hii ni ya kazi, hii ni ya usalama, hii ni ya kasi. Kompyuta hujifunza kutokana na mifano hiyo, kisha hupewa sentensi ambazo haijawahi kuziona.

Mwaka 2006, Jane Cleland-Huang na wenzake wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, walionyesha njia ya kutafuta maneno yanayoashiria kila kundi. Mkusanyo wa mifano uliotokana na kazi za wanafunzi wa chuo hicho una mahitaji 625 kutoka miradi 15: 255 ya kazi na 370 ya ubora. Watafiti wengi wameendelea kuutumia kupima mbinu mpya.

Lakini neno moja laweza kudanganya. "Wekeni kitufe cha Malipo ya Haraka" ina neno "haraka", ila mtu hapo anaomba kitufe. Halalamikii kasi.

Mwaka 2018 Google ilitoa modeli ya BERT, inayopima neno kwa kuangalia maneno yaliyo pande zake zote mbili. Mwaka 2020 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, waliitumia kuainisha mahitaji, wakaiita mbinu yao NoRBERT.

Nyota pekee hazitoshi

Mwaka 2015, Walid Maalej wa Chuo Kikuu cha Hamburg, Ujerumani, na Hadeer Nabil walichapisha utafiti kuhusu maoni ya programu za simu. Waliyagawa makundi manne: hitilafu, ombi la kitu kipya, maelezo ya jinsi mtu alivyoitumia programu, na sifa au lawama tupu.

Waligundua kwamba taarifa kama idadi ya nyota na urefu wa maoni, zikitumika peke yake, hutoa matokeo duni. Zilipounganishwa na uchambuzi wa maneno, kati ya maoni yaliyowekwa kwenye kundi fulani, asilimia 70 hadi 95 yalistahili kuwa humo.

Maana yake pia ni kwamba yapo yaliyokwenda kundi lisilo lake.

Kiswahili kinatega wapi?

Utafiti mwingi wa eneo hili umefanywa kwa Kiingereza. Kiswahili kina mitego yake.

• Kukanusha hukaa ndani ya neno. "Inafunguka" na "haifunguki" zinatofautiana kwa herufi chache, na wapo wanaoandika "aifunguki" bila h.

• Ombi laweza kuja bila neno "naomba". "Ingekuwa inatoa risiti ingekuwa poa" ni ombi kamili.

• Lugha ya mtaani. "Inakula bando" ni lalamiko la matumizi ya data. Modeli iliyozoea Kiswahili cha vitabuni inaweza isilitambue.

Zipo modeli zinazokijua Kiswahili. AfriBERTa ya mwaka 2021 ilifunzwa kwa lugha 11 za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Hata hivyo, kujua lugha ni hatua ya kwanza tu. Ili modeli itofautishe hitilafu na ombi, inahitaji mifano ya maoni halisi ya Kiswahili ambayo watu wameshayapa alama.

Andika hivi ueleweke

1. Sema jambo moja kwa kila sentensi.

2. Taja ulichobonyeza, kilichotokea, na ulichotarajia.

3. Ongeza aina ya simu na toleo la programu.

4. "Mbovu kabisa" peke yake huishia kundi la lawama. Eleza ubovu wenyewe.

5. Usiandike namba yako ya simu wala ya siri. Maoni ya dukani husomwa na kila mtu.

Kompyuta inachofanya ni kupanga foleni. Kipi kirekebishwe kwanza bado ni uamuzi wa watu, na wao huanza na kile walicholetewa mezani.