Fidia ya Aliyeumia Kazini

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema ni nani atakayemlisha yule aliyeinama asiweze kuinuka tena. Swali hilo waliwaachia wajao, na wajao wamelijibu kwa sheria, ingawa jibu lao limekwenda taratibu kuliko maumivu yenyewe. Kewanja, katika eneo la Nyamongo wilayani Tarime, si mbali na mto Mara na wilaya ya Serengeti, ni mahali panapofaa kulipima jibu hilo. Huko dhahabu hutafutwa na watu wa namna mbili: walioajiriwa katika mgodi mkubwa wa North Mara, ulioanza kazi mwaka 2002, na wachimbaji wadogo wanaojitafutia riziki nje ya ua wake.

Chanzo cha sheria hiyo ki mbali. Katika Uingereza ya zamani, mfanyakazi aliyevunjika mguu hakupata kitu mpaka athibitishe kosa la bwana wake. Hukumu moja ya mwaka 1837 ilizidisha uzito huo, kwani ilifahamika kuwa bwana hawajibiki kwa jeraha lililoletwa na mtumishi mwenziwe. Ujerumani ilitangulia kubadili njia kwa kuanzisha bima ya ajali kazini mwaka 1884, na Uingereza ikafuata kwa sheria yake ya mwaka 1897. Fikira mpya ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kukubaliwa: ajali ni sehemu ya gharama ya kazi, kama makaa na mafuta ya mashine, na apataye faida ya kazi ndiye apasaye kuibeba. Haikuwa lazima tena kumtafuta mkosaji; ilitosha kuonyesha kwamba jeraha limetokana na kazi.

Fikira hiyo ilichelewa kukita mizizi Tanganyika. Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923 ilimtazama mfanyakazi kama mtu aliyefungwa na mkataba. Aliyeacha kazi kabla ya muda wake aliweza kuadhibiwa kama mhalifu. Sheria ya Fidia ya mwaka 1948, iliyojulikana baadaye kama Sura ya 263, ilimtazama kama mtu mwenye mwili. Mkono, jicho na kidole viliwekewa kadiri yake, na wajane na yatima wakatajwa. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, na hayafai kubezwa kwa sababu tu yaliletwa na serikali ya kikoloni.

Ila sheria hiyo ilikuwa na kasoro iliyokua kimya kimya. Iliweka ukomo wa malipo kwa shilingi zilizotajwa, na shilingi, tofauti na mkono wa mtu, hupungua thamani kila mwaka. Sheria mpya ilipotungwa mwaka 2008, ukomo wa zamani ulikuwa Sh 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na Sh 83,000 kwa kifo. Amri ya mishahara ya mwaka 2010 iliweka kima cha chini cha Sh 350,000 kwa mwezi katika kampuni zenye leseni kubwa za madini. Kwa hiyo kifo cha mchimbaji kilikadiriwa kwa fedha zisizofika robo ya mshahara wake mdogo kabisa wa mwezi mmoja. Haki ilikuwapo katika kitabu, lakini tumbo la yatima halishibi kitabu.

Sheria Namba 20 ya mwaka 2008 iliondoa kasoro hiyo kwa kuyafunga mafao na mshahara. Aliyeumia na kushindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Unaozidi hapo huzaa pensheni ya kila mwezi. Matibabu, utengemao, msaada wa mazishi na malipo ya wategemezi vimo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kukusanya michango Julai 2015, na mchango huo hutolewa na mwajiri peke yake. Maradhi ya kazi nayo yanahesabiwa, na jambo hilo ni kubwa kwa wachimbaji, kwa kuwa vumbi la mwamba huharibu mapafu taratibu na mgonjwa huenda akajitambua baada ya miaka mingi.

Hapo ndipo Kewanja inapofundisha. Watu wawili waweza kuvunjwa na mwamba wa aina moja, siku moja. Wa kwanza ana mkataba, mshahara na mwajiri achangiaye Mfuko. Mkewe akienda kudai, ana mlango wa kubisha. Wa pili ameshuka katika duara la mtu mwingine kwa ahadi ya kugawana mawe. Hana hati, hana mshahara wa kupigia asilimia 70, na mwenye duara husema kuwa wao ni washirika, si mwajiri na mwajiriwa. Hasara inapotokea, ushirika huo huishia shimoni.

Hata hivyo sheria haikufumba macho kabisa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, humdhania mtu kuwa mwajiriwa ikiwa namna au saa zake za kazi zaongozwa na mwingine, au akipewa vifaa na huyo, au akimtegemea kwa riziki, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wengi wa washukao maduarani huenda wakaingia katika maneno hayo. Lakini dhana ya kisheria haina faida isipokuwa iko mtu wa kuidai, na majeruhi asiye na hati ni mara chache kuwa na wakili.

Sheria ya mwaka 1948 ilishindwa kwa hesabu, na hesabu hiyo imesahihishwa. Deni lililobaki ni la jina: nani aitwe mfanyakazi. Maadamu jina hilo latolewa na karatasi na kusahauliwa jasho, wako watakaoinama mvunguni kwa ajili ya wengine, na wasipoinuka, gharama itabebwa na watoto wao.