Lango la Namur: toka ushuru mpaka namba ya siri

Niko Brussels. 

Porte de Namur maana yake ni Lango la Namur. Ndipo ninaposhuka metro nikifuata pondu (kisamvu chetu) kwa Wakongo wa Matonge. Lango lenyewe halipo. Zamani, aliyeingiza vyakula na vinywaji mjini alilipa ushuru hapo, mpaka Ubelgiji ilipoufuta mwaka 1860. Vibanda viwili vya watoza ushuru vilihamishiwa mlangoni mwa Bois de la Cambre, vipo hadi leo.

Lango la siku hizi ni kompyuta.

Kabla ya hapo, hapa nako mtu alibeba makaratasi toka ofisi hii kwenda ile. Sheria ya tarehe 15 Januari 1990 ikaanzisha Banque-Carrefour, njia panda ya taarifa za hifadhi ya jamii. Haiweki mafaili yote. Inajua tu faili la nani liko wapi, na ofisi zinaulizana zenyewe. Ulichokwisha kusema huulizwi tena. Nyie mnaodaiwa nakala ya cheti cha kuzaliwa kila dirisha mnanielewa!

Mwaka 2003 vikaanza vitambulisho vyenye chipu, na kodi ikaanza kujazwa kwenye intaneti. Hapo wengine wakaachwa nje. Unahitaji kifaa cha kusomea kadi, programu yake na namba ya siri. Ukikosea mara tatu, inafungwa. Mwaka 2017 ikaja itsme ya kwenye simu, rahisi zaidi, ila nayo inataka simu ya kisasa.

Kuna mama wa Bukavu anasuka nywele Matonge. Ofisi moja ilimwambia aombe karatasi yake mtandaoni. Tulihangaika saa nzima saluni kwake, namba ikafungwa. Akasema, "Mtoto yangu, zamani nilikuwa nasema na mutu. Nikikosea, ananionyesha." Sikuwa na jibu.

Januari 2024 bunge la mkoa wa Brussels likapitisha sheria: huduma ziwe mtandaoni, lakini dirisha, simu na barua vibaki. Vyama vya kiraia vilikuwa vimepiga kelele sana.

Nyumbani nako mambo yanahamia mtandaoni. Mimi naona tuanze na somo la 1990, ofisi ziulizane zenyewe, na dirisha lisifungwe. Shangazi hana simu ya kupangusa.

Msalimieni.