Kanuni ya Leavitt Iliyopima Mbingu

Nyota inayong'aa sana machoni petu si lazima iwe na nguvu: koroboi iliyo mlangoni huishinda karabai iliyo ng'ambo ya bonde. Umbali ukiongezeka mara 2, mng'ao hupungua hadi robo. Kwa hiyo asiyejua nguvu halisi ya nyota hawezi kuutambua umbali wake kwa mng'ao pekee. Fundo hilo lilifunguliwa na Henrietta Leavitt wa Harvard, Marekani, kwa kuchunguza vioo vya picha vilivyopigwa Arequipa, Peru. Mwaka 1912 alionyesha kwamba nyota 25 za kundi la nyota liitwalo Wingu Dogo la Magellan, ambazo mng'ao wake hupanda na kushuka, hufuata kanuni moja: yenye mzunguko mrefu ndiyo inayong'aa zaidi. Na kwa kuwa zote ziko karibu umbali ule ule kutoka kwetu, tofauti hiyo ni ya nguvu zenyewe.

Wapo wanaompa sifa hiyo mwanaastronomia Edwin Hubble, aliyeipata nyota ya aina hiyo katika Andromeda mwaka 1923 na kuthibitisha kuwa ile ni galaksi nyingine. Lakini darubini ilimpa mng'ao na mzunguko tu; kuvigeuza kuwa umbali kulihitaji kanuni ya Leavitt. Ni kweli pia kwamba mwaka 1952 mwanaastronomia Walter Baade alionyesha kuwa nyota hizo ni za aina 2, na umbali wa Andromeda ukaongezeka takriban maradufu. Hata hivyo, zilizosahihishwa ni alama za rula. Rula yenyewe ilibaki. Leavitt alifariki mwaka 1921, kabla ya kuyaona matunda hayo.