Nani Mwenye Hewa? Mawimbi ya Redio katika Delta ya Rufiji

Watu wengi wanapoitaja Delta ya Rufiji huikumbuka mikoko yake, kamba wake, na mpunga unaolimwa kwa kuyavizia maji ya mto na ya bahari yanavyojaa na kupwa. Ni wachache wakumbukao kwamba katika mifereji hiyohiyo, upande wa Salale, mawimbi ya redio yalishiriki kuamua matokeo ya mapigano makubwa zaidi ya karne moja iliyopita. Historia hiyo ina ukoo wa karibu na jambo linalomkabili leo mshereheshaji wa arusi mjini Kibiti, maikrofoni yake isiyo na waya inapokatika ghafla katikati ya salamu za wazazi. Mambo yote mawili yanatokana na swali moja: hewa ipitishayo sauti ni ya nani, na nani amwambie mwenziwe ahame?

Tuanze na hewa yenyewe. Wimbi la redio halionekani wala halina mpaka wa miti, lakini lina mahali pake. Mahali hapo twapaita masafa, na hupimwa kwa idadi ya mitikisiko ya wimbi katika sekunde moja. Wawili wakisema katika masafa yaleyale, mahali pamoja na wakati mmoja, msikilizaji hupata makelele. Mataifa yalilitambua hilo mapema. Katika mkutano wa Berlin wa mwaka 1906 yalikubaliana kwamba mawasiliano ya kawaida ya meli yatumie mawimbi ya meta 300 na meta 600, na eneo kati ya meta 600 na meta 1,600 liachwe kwa majeshi na shughuli nyingine za serikali. Waafrika hawakuulizwa, kama ambavyo hawakuulizwa katika mkutano mwingine wa mji huohuo miaka ishirini na miwili nyuma, ule wa kugawana ardhi.

Vita vilipozuka Agosti 1914, Wajerumani walikuwa na kituo cha simu ya upepo Dar es Salaam. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza, Astraea, ilikishambulia kituo hicho, nacho kikanyamaza. Hasara kubwa iliipata manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, iliyokuwa baharini bila sauti ya kuiongoza kutoka pwani. Tarehe 20 Septemba iliizamisha Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikaingia Rufiji kujificha, mitambo yake ikihitaji matengenezo. Vyombo vizito vya mashine vilivutwa kwa mikono ya Waafrika kupitia nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikarudishwa vivyo hivyo. Vitabu vya vita hivyo vimejaa majina ya maofisa, lakini ya wavutaji hao ni vigumu kuyakuta.

Waingereza waliigundua manowari hiyo mwishoni mwa Oktoba 1914, lakini kuigundua lilikuwa jambo moja na kuifikia jambo jingine. Meli zao kubwa hazikuweza kuingia katika maji machache ya delta, na mikoko iliwafunika adui. Wakaleta meli mbili za chini, Severn na Mersey, pamoja na ndege zilizoruka kutoka Mafia, kisiwa walichokuwa wamekiteka Januari 1915. Mpiga mzinga hakuiona shabaha yake. Mtu wa ndegeni ndiye aliyeiona, naye alimweleza kwa ishara za redio kama risasi imepita mbele au imeanguka nyuma.

Tarehe 6 Julai 1915 mpango huo ulishindikana. Meli zote mbili zilikuwa zikipiga kwa pamoja, na yule wa angani hakuweza kupambanua risasi ipi ni ya nani. Maelekezo yaliyomfaa mmoja yakampoteza mwingine. Waliporudi tarehe 11 Julai walikuwa wamejifunza kupokezana: mmoja apige, mwingine anyamaze. Ndege ya Cull na Arnold ilipigwa, ikaanza kushuka, na Arnold akaendelea kutuma masahihisho mpaka ikaangukia mtoni. Siku hiyo Königsberg iliangamia, na Looff akaamuru mabaki yalipuliwe. Mizinga yake ilitolewa na kutumiwa vitani nchi kavu. Mmojawapo umewekwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Mwalimu wa historia aweza kuwauliza wanafunzi wake ni nini hasa kilichobadilika kati ya tarehe 6 na tarehe 11. Mizinga ilikuwa ileile. Utaratibu wa kusemezana ndio uliobadilika.

Mkutano wa Washington wa mwaka 1927 uliugawa uwanja wa masafa kwa shughuli mbalimbali kwa mapana kuliko ilivyokuwa kabla. Kwetu, Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawapo Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa mtu wa Mbwera au Nyamisati, redio ilikuwa kitu cha kupokea tu: sauti ilitoka mjini, naye akaisikiliza. Maikrofoni isiyo na waya iligeuza mambo. Ni kituo kidogo cha redio ambacho mtu wa kawaida hukishika mkononi, pengine bila kujua kwamba anarusha matangazo. Ameingia nayo katika maulidi, katika mikutano ya hadhara, katika sherehe za kumtoa mwali na katika ngoma zichezwazo mpaka alfajiri, pahali ambapo msemaji hutembea kati ya watu na waya ungemnasa miguu.

Chombo hiki kilipewa makao ya kuazima. Televisheni duniani ilipewa eneo pana, pamoja na megahezi 470 hadi 862, na kati ya kituo na kituo paliachwa nafasi tupu ili visiingiliane. Maikrofoni zikakaa katika nafasi hizo, kama mkulima apandaye mboga kwenye ukingo wa shamba la mwenziwe. Kwa desturi ya mataifa mengi zilikaa kwa masharti mawili: zisimsumbue mwenye shamba, na zikisumbuliwa zisidai.

Kisha shamba likapimwa upya. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2006 ulipanga kuhamia televisheni ya dijitali, ambayo hubeba vipindi vingi katika nafasi iliyobeba kimoja zamani. Mwaka 2007 mataifa yalikubali sehemu ya juu, megahezi 790 hadi 862, itumiwe na simu za mkononi katika kanda yetu. Baadaye yakaongeza megahezi 694 hadi 790. Tanzania haikuchelewa. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, miji mingine ikafuata, na neno king'amuzi likaingia katika kila nyumba yenye televisheni. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipiga mnada masafa ya megahezi 700.

Faida haikanushiki. Mawimbi ya eneo hilo husafiri mbali na hupenya kuta, kwa hiyo mnara mmoja huhudumia vijiji vingi. Delta ambayo daktari huifikia kwa mashua inayahitaji mawimbi hayo kuliko mji. Lakini tazama yaliyompata yule mwenye maikrofoni. Chombo chake hurusha kwa nguvu ndogo mno, mara nyingi isiyozidi sehemu 50 kwa 1,000 za wati moja, na mnara hurusha kwa makumi ya wati. Tena, katika mpangilio wa megahezi 800, minara husema kati ya 791 na 821, na simu zenyewe hujibu kati ya 832 na 862. Maikrofoni iliyotegwa hapo juu haisumbuliwi na mnara ulioko mbali. Inasumbuliwa na simu zilizomo mifukoni mwa waalikwa. Ndiyo sababu fundi huijaribu ukumbi ukiwa mtupu, ikasema vizuri, kisha ikakoroma watu walipojaa, naye akalaumiwa kwa uzembe.

Watu wa Rufiji wanaijua habari ya kuhamishwa. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 ilikuja Operesheni Rufiji, na wakazi wengi wa bonde walitakiwa kuhamia vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Walikwenda wakapata shule na zahanati. Wakaacha udongo wa rutuba ambao baba zao waliulima, na wengi wakarudi kuulima kwa msimu. Sisemi kwamba kuhama kwa masafa ni msiba sawa na kuhama kwa watu. Nasema tu kwamba katika yote mawili sababu ilikuwa njema, na gharama ilimwangukia zaidi yule aliyekuwapo bila hati.

Uingereza, ilipowaondoa watumiaji wa maikrofoni katika eneo la megahezi 854 hadi 862, iliwalipa wenye leseni sehemu ya gharama ya vyombo vipya. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya maikrofoni za megahezi 700 kuanzia Juni 2010. Marufuku haiyeyushi chombo. Kinaweza kuuzwa tena kwa bei nafuu mahali pengine, na mnunuzi asiyesoma namba zilizoandikwa chini yake au mgongoni huondoka dukani akiwa amefurahi.

Mafundi wa muziki wenye uzoefu husoma namba hizo kabla ya kutoa fedha, huchagua zilizo chini ya megahezi 694, na huomba chombo kinachoweza kutegwa upya badala ya kile chenye masafa mamoja tu. Na bado ndani ya sanduku, chini ya betri za akiba, huweka maikrofoni moja ya waya.