Orodha Nyeusi za Barua Pepe na Jirani Asiye na Kosa

Mwaka 1997, huko California, Paul Vixie na Dave Rand walianzisha orodha ya anwani za kompyuta zilizokuwa zikimwaga barua taka. Seva nyingi zilikuwa zimeachwa wazi wakati ule, na yeyote aliweza kuzitumia kutuma matangazo yake kwa maelfu ya watu huku gharama zikiwaangukia wapokeaji. Sheria ya Marekani nzima dhidi ya uchafu huo ilipitishwa mwaka 2003 tu, kwa hiyo wasimamizi wa seva walilazimika kujilinda wenyewe. Walichobuni ni chepesi ajabu. Barua ikifika kutoka anwani 192.0.2.5, seva huipindua namba hiyo iwe 5.2.0.192, kisha huiuliza orodha kupitia DNS, mfumo uleule unaotafuta anwani za tovuti. Likirudi jibu 127.0.0.2, barua hukataliwa kabla ya kusomwa hata neno moja. Wepesi huo uliokoa intaneti, lakini una walakini mkubwa: kinachohukumiwa ni anwani, wala si barua, na anwani moja huweza kutumiwa na wengi.

SPEWS, orodha iliyoanza mwaka 2001, iliufanya walakini huo kuwa silaha. Waendeshaji wake hawakujitambulisha. Mtoa huduma aliyemhifadhi mtuma taka aliona orodha ikipanuka hadi kwa wateja wake wengine, ili wao wambane. Watetezi wanasema mbinu hiyo ilifaulu, na ni kweli kampuni zilizopenda fedha za watuma taka ziliingiwa na hofu. Hata hivyo, siwezi kuita haki adhabu inayomwangukia asiyekosa, tena kutoka kwa mtu asiyejulikana.

Hujibiwa kwamba orodha ni maoni tu, na kila msimamizi ana hiari ya kuifuata au kuiacha. Kisa cha ORDB kinakanusha. Orodha hiyo ilifungwa Desemba 2006, lakini seva nyingi ziliendelea kuiuliza. Machi 2008 ikaanza kujibu kwamba kila anwani duniani ina hatia, na barua halali zikakataliwa ovyo. Hiyo haikuwa hiari, ilikuwa mazoea yaliyosahauliwa, na mwandishi wa barua hakuwahi kuulizwa. Mahakama nazo si kimbilio la kutegemewa. Kampuni ya matangazo ya barua pepe, e360, iliishtaki Spamhaus, shirika linaloendesha orodha kama hizi, jijini Chicago kwa kuiorodhesha, ikapewa fidia ya dola milioni 11.7 mwaka 2006 baada ya Spamhaus kuacha kujitetea. Kufikia 2011, rufaa ilikuwa imeishusha hadi dola 3.

Sitaki orodha zifutwe, kwani bila hizo barua pepe isingetumika. Naitetea njia ya SpamAssassin, programu iliyotoka mwaka 2001: kuonekana orodhani huongeza alama tu, zikajumlishwa na zinazotokana na maneno ya barua yenyewe. Hapo mteja mwenye duka dogo, aliyepanga seva moja na mtuma taka, angalau barua yake husomwa.